Kingamwili zithibitishwe kabla ya kutumiwa kwenye sampuli za watoto wetu

Mhariri,

Hivi majuzi ulichapisha katika ukurasa huu barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba fedha za utafiti wa saratani zinazofika Kisumu na Eldoret huishia kununua vichupa vidogo vya maji kutoka ng'ambo, ilhali wodi za watoto zinapungukiwa na dawa. Malalamiko yake yana uzito, na sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo, naona alikasirishwa na bei ya vichupa hivyo akasahau kuuliza kama kilichomo ndani hufanya kazi iliyoandikwa kwenye lebo. Mimi hufanya kazi katika maabara ya patholojia katika ukanda huu wa ziwa, na ningependa kueleza kwa nini swali hilo linastahili kuulizwa hadharani, tena liulizwe kabla ya mtoto yeyote kutolewa kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti.

Vichupa anavyovisema ni vya kingamwili. Mwili hutengeneza kingamwili ili zishike vitu vigeni kama vile virusi na bakteria. Wanasayansi wametumia uwezo huo kwa kumchanja panya, sungura au mbuzi kwa protini wanayotaka kuichunguza, au kwa kipande chake tu, kisha kuchukua kingamwili za mnyama huyo na kuzitumia kuitafuta protini hiyo ndani ya seli za binadamu. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walionyesha huko Cambridge namna ya kuunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika, ili kingamwili za aina moja tu zipatikane kwa muda mrefu. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Tangu hapo biashara ya kingamwili imekua mno, na mtafiti anayetafuta kingamwili ya protini moja maarufu hukuta makampuni mengi yakimuuzia bidhaa nyingi, kila moja ikiwa na picha nzuri kwenye katalogi.

Protini ninayotaka kuizungumzia, iitwayo MYC, inawahusu watu wa magharibi mwa Kenya, hata kama wengi hawajapata kulisikia jina lake. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Kiafrika. Baadaye ilidhihirika kwamba saratani hiyo, inayoitwa leo limfoma ya Burkitt, huonekana kwa wingi mahali penye malaria nyingi ya mwaka mzima, na maeneo yanayolizunguka Ziwa Viktoria yamo katika orodha hiyo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani ya seli za uvimbe wa aina hiyo zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Kufikia mwaka 1982 ilikuwa imejulikana kwamba katika seli hizo kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na, mara nyingi, kuhamia kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni inayosimamia utengenezaji wa kingamwili za mwili wenyewe. Jeni iliyohamishwa inaitwa MYC, sawa na protini yake. Kwa kuwa seli zinazougua ni seli B, ambazo kazi yao ni kutengeneza kingamwili, eneo hilo la kromosomu ya 14 huwa halilali, na MYC ikishahamia hapo hufanya kazi bila kuzimwa. Kwamba jeni za kingamwili ndizo zinazoisukuma saratani tunayoichunguza kwa kutumia kingamwili ni jambo linalonishangaza hadi leo, ingawa haliongezi wala kupunguza chochote katika hoja yangu.

Jeni ya MYC huzaa protini inayoingia kwenye kiini cha seli, ikashikana na mwenzake aitwaye MAX, na kwa pamoja wakakaa juu ya DNA, hasa mahali penye mfuatano wa herufi CACGTG, ili jeni nyingine zisomwe kwa kasi. Seli iliyojaa MYC hukua na kugawanyika haraka kupita kiasi, na ndiyo sababu uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka ukubwa maradufu ndani ya siku chache. Protini za kudhibiti jeni za namna hii zina sifa zinazomtesa mchunguzi. Kwa kawaida huwa chache ndani ya seli zikilinganishwa na protini za ujenzi. Nyingi hazidumu, MYC yenyewe, katika seli yenye afya, nusu yake huvunjwa ndani ya takriban dakika 20 hadi 30. Tena zina ndugu wanaofanana nazo. MYC ina MYCN na MYCL, na kingamwili iliyotengenezwa kwa kipande ambacho ndugu hao wote wanacho itawashika wote bila kuwabagua.

Mfano mzuri wa jinsi mambo yanavyoweza kumchanganya mtu ni kingamwili iitwayo 9E10. Ilitengenezwa miaka ya themanini na Gerard Evan, J. Michael Bishop na wenzao, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1985. Walimchanja panya kwa kipande cha mwisho wa protini ya MYC ya binadamu, na kingamwili iliyopatikana hutambua asidi amino 10 tu (matofali yanayojenga protini), ambazo kwa herufi za wanakemia ni EQKLISEEDL. Ni kingamwili nzuri kwa kazi fulani. Watafiti waligundua kwamba wakikiunganisha kipande hicho kifupi na protini nyingine yoyote, 9E10 itaishika protini hiyo kwa uhakika, na leo huenda inatumiwa zaidi kwa kazi hiyo kuliko kuitafuta MYC yenyewe. Lakini kufanya vizuri katika kazi moja hakuipi ruhusa ya kufanya kila kazi. Katika vipande vya uvimbe vilivyolowekwa kwenye fomalini na kugandishwa ndani ya nta ya parafini, yaani aina ile ya sampuli ambayo hospitali zetu zinayo kwa wingi, kingamwili za zamani za MYC mara nyingi zilitia rangi nje ya kiini cha seli, mahali ambapo protini hii haipaswi kuwa ikifanya kazi yake. Ndiyo sababu maabara nyingi za patholojia zilihamia kwenye kingamwili ya sungura iitwayo Y69, inayolenga mwanzo wa protini badala ya mwisho wake, na ambayo hutia rangi ndani ya kiini inavyotarajiwa.

Naomba msomaji atazame nami kwenye hadubini, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Slaidi iliyoandaliwa vizuri ina rangi mbili. Viini vya seli zote hupakwa buluu ya hematoksilini ili vionekane, na pale kingamwili iliposhika, kemikali huacha rangi ya kahawia. Katika limfoma ya Burkitt, karibu kila kiini kinapaswa kuwa kahawia kwa MYC. Sasa chukua kipande cha tonsili ya kawaida, ambayo isingekuwa na matumizi mengine baada ya kuondolewa. Kwenye tonsili hiyo sehemu kubwa inapaswa kubaki buluu, na rangi ya kahawia ionekane kwenye viini vichache tu, hasa ndani ya vile viduara ambamo seli B huchaguliwa na kugawanyika. Tonsili nzima ikigeuka kahawia, basi kingamwili yako ni mbovu, au umeimimina bila kuizimua vya kutosha, au hatua ya kuchemsha slaidi ilizidi. Ikibaki buluu yote, una tatizo la upande wa pili. Kipande hicho cha tonsili kinaweza kuwekwa kwenye slaidi ileile yenye uvimbe wa mgonjwa, na gharama yake ni ndogo mno. Hata hivyo, bado naona picha katika tasnifu za wanafunzi ambazo "udhibiti" pekee uliofanywa ni slaidi moja isiyotiwa kingamwili ya kwanza. Slaidi hiyo humwambia mtafiti kwamba kemikali za hatua ya pili hazileti rangi zenyewe, basi. Haimwambii hata kidogo kama kingamwili ya kwanza imeshika MYC au imeshika kitu kingine.

Katika kipimo kile cha kutenganisha protini kwa ukubwa wake kwenye jeli, makosa huja kwa njia nyingine. Protini ya MYC iliyozoeleka ina asidi amino 439, na hesabu ya karatasini inaipa uzito wa karibu kilodalton 49 (kilodalton ni kipimo cha uzito wa molekuli). Kwenye jeli, hata hivyo, huenda polepole na kutokea kati ya 57 na 65. Mwanafunzi asiyeambiwa jambo hili huona mistari kadhaa, akachagua ule ulio karibu na 49 kwa sababu ndio "unaolingana na kitabu", kisha akaandika sura nzima ya tasnifu juu ya protini nyingine kabisa. Hafanyi hivyo kwa udanganyifu, wala msimamizi wake haridhii uongo. Ni sawa na mchuuzi wa ufuo wa Dunga anayeuza kila samaki aliyenaswa wavuni kwa jina la ngege (tilapia), kwa sababu tu wavu wenyewe uliuzwa kwa jina la wavu wa ngege.

Kuna jingine linalohusu Burkitt peke yake. Katika uvimbe huu jeni ya MYC haihamishwi tu. Mara nyingi hupata pia mabadiliko katika herufi zake, na mahali panapopigwa mara kwa mara ni karibu na asidi amino ya 58. Kingamwili iliyotengenezwa ili kutambua eneo hilo hasa inaweza kushindwa kuiona protini iliyobadilika, na mtafiti akahitimisha kwamba mgonjwa ana MYC kidogo ilhali anayo tele. Kwa hiyo mtu anayesoma Burkitt hana budi kujua kingamwili yake inashika wapi kwenye protini, na kampuni inayokataa kumwambia, kwa madai kwamba ni siri ya biashara, haistahili shilingi yake.

Wapo watakaosema kwamba ninakuza jambo dogo la mafundi wa maabara. Nawaomba watazame yaliyoipata protini nyingine ya kudhibiti jeni, yaani kipokezi cha homoni ya estrojeni cha aina ya beta. Kiligunduliwa mwaka 1996 nchini Uswidi, na kwa miaka ishirini iliyofuata mamia kwa mamia ya makala yaliandikwa kuhusu wingi wake katika saratani ya matiti, mara yakisema upo, mara yakisema haupo, mara yakisema unatabiri uhai wa mgonjwa. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Uswidi lilichapisha matokeo ya kuzipima kingamwili 13 zilizokuwa zikitumiwa kukitafuta kipokezi hicho. Ni moja tu, PPZ0506, ambayo hata haikuwa ikitumiwa sana, iliyokitambua ipasavyo katika vipimo vyote. Nao walipoitumia hiyo moja, hawakukiona kipokezi hicho katika matiti ya kawaida wala katika saratani za matiti walizozichunguza. Sijui msomaji ataliitaje jambo hilo, lakini mimi naliita hasara iliyobebwa na wanawake waliotoa vipande vya miili yao.

Wala si kisa kimoja. Mradi mkubwa wa Uswidi wa kuchora ramani ya protini za binadamu uliripoti mwaka 2008 kwamba, kati ya kingamwili zaidi ya 5,000 za madukani zilizopimwa, karibu nusu tu ndizo zilizofaa. Mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya mia moja walitia saini makala iliyokadiria kwamba dola milioni 800 hupotea kila mwaka duniani kwa kingamwili zisizofaa. Mwaka 2018 uchunguzi wa koo (nasaba) 185 za seli zinazotengeneza kingamwili za monokloni, zile zinazosifiwa kuwa za aina moja tu, ulionyesha kwamba takriban theluthi moja zilikuwa zikitengeneza pia minyororo mingine ya ziada, yaani vipande vya kingamwili visivyotakiwa. Na mwaka 2023 mradi wa YCharOS wa Montreal, Kanada, ulichapisha matokeo ya kingamwili 614 zilizolenga protini 65, kila moja ikilinganishwa na seli ambamo jeni husika ilikuwa imeondolewa kabisa. Zaidi ya nusu zilishindwa katika kipimo kimoja au zaidi, na kwa wastani makala kama 12 kwa kila protini zilikuwa zimetumia kingamwili isiyoitambua protini iliyokusudiwa. Mradi huohuo ulikuta pia habari njema: kwa protini nyingi ipo angalau kingamwili moja nzuri sokoni, na zile zinazotengenezwa kutokana na mfuatano wa jeni unaojulikana, bila kumtegemea mnyama aliyechanjwa zamani, kwa jumla zilifanya vizuri zaidi.

Njia hiyo ya kulinganisha na seli isiyo na jeni ndiyo naiona ya haki kuliko zote, kwa sababu haina maneno mengi. Kingamwili ikidai kuiona MYC ndani ya seli isiyo na MYC, imejishtaki yenyewe. Kwa MYC si rahisi, kwa kuwa seli nyingi za saratani hufa zikinyimwa jeni hiyo moja kwa moja. Tangu 1997 zipo seli za panya mkubwa wa maabara (rat) zinazoitwa HO15.19, ambazo nakala zote mbili za MYC ziliondolewa nazo zikaendelea kuishi, ingawa kwa kujikokota. Zinafaa kupima zile kingamwili tu zinazoitambua pia MYC ya panya huyo, na hilo lazima lihakikishwe kwanza. Kwa seli za binadamu, njia ya kawaida ni kuipunguza MYC kwa muda kwa kutumia vipande vifupi vya RNA, kisha kutazama kama mstari kwenye jeli unafifia nao. Mstari usiofifia si MYC.

Kwa wale wanaotaka kujua MYC imekaa wapi hasa kwenye DNA, masharti ni makali zaidi, na yanapaswa kuwa hivyo. Katika kazi hiyo protini hugandishwa juu ya DNA kwa fomaldehidi, DNA hukatwakatwa, kisha kingamwili hutumwa kuvuta vile vipande vilivyoshikwa na protini. Kingamwili ikivuta protini jirani, ramani yote itakayochorwa ni ya jirani. Mradi wa kimataifa wa ENCODE, unaochora ramani ya sehemu za DNA zinazofanya kazi, uliweka mwaka 2012 sharti kwamba kila kingamwili ya protini ya kudhibiti jeni ipite vipimo viwili tofauti, na kwamba kwenye jeli mstari mkuu uchukue angalau nusu ya ishara yote inayoonekana. Faida ya ukali huo tunaweza kuiona katika ugonjwa mwingine unaojulikana sana kwetu, yaani selimundu. Protini ya BCL11A ndiyo huizima, baada ya mtoto kuzaliwa, hemoglobini ya kijusi, ile aliyokuwa nayo tumboni na ambayo ikiendelea kutengenezwa hupunguza makali ya selimundu. Kwa miaka kadhaa vipimo vya kawaida vya kingamwili havikuionyesha ikikaa mbele ya jeni za hemoglobini hiyo, hadi mwaka 2018 ambapo kingamwili iliyochunguzwa vizuri, pamoja na mbinu mpya ya kukata DNA pale tu ilipo protini, ilionyesha kwamba hukaa hapo kwenye herufi TGACCA. Tiba ya kuhariri jeni inayopunguza BCL11A katika seli za damu iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake bado haikaribii mfuko wa mzazi wa Siaya au Busia, na hilo ni suala la barua nyingine.

Nirudi kwa msomaji mwenzangu na fedha zake. Mikrolita 100 za kingamwili moja kwa kawaida huuzwa dola mia kadhaa, yaani makumi ya maelfu ya shilingi, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kifurushi hushuka Nairobi, hukaa forodhani, kisha huletwa huku barafu yake ikiwa imeyeyuka au inakaribia kuyeyuka. Kikifika salama, bado stima inaweza kupotea usiku kucha na friza ikapata joto, na kingamwili iliyogandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa hupoteza nguvu hata kama ilikuwa nzuri ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo kingamwili iliyothibitishwa Ulaya haiwi imethibitishwa Kisumu, na chupa ya bechi ya mwaka jana haimdhamini mwenzake wa bechi ya mwaka huu, hasa zile za polikloni zinazotoka kwenye damu ya wanyama tofauti.

Upande wa sampuli nao una mikosi yake. Kipande cha uvimbe kinachotoka hospitali ya kaunti ndogo huenda kimesafiri kwa matatu ndani ya chupa ambayo hakuna aliyeandika iliwekwa fomalini saa ngapi. Katika saratani ya matiti, miongozo ya kimataifa hutaka kipande kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kwa protini inayovunjika upesi kama MYC, sioni sababu ya kulegeza kamba. Madhara yake hayabaki kwenye utafiti pekee. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 ulitaja kiwango cha asilimia 40 ya seli zenye rangi ya MYC, pamoja na zaidi ya asilimia 50 kwa protini nyingine iitwayo BCL2, katika kulitambua kundi moja la limfoma za watu wazima zenye mwenendo mbaya. Mgonjwa mwenye asilimia 45 kwa kingamwili moja anaweza kuwa na 30 kwa nyingine, na mwanapatholojia ndiye atakayelazimika kusema ni ipi inayosema kweli.

Mama wa mtoto mwenye uvimbe wa taya hutia saini au dole gumba kwenye fomu akiambiwa kwamba sehemu ya uvimbe itatumika "kuendeleza elimu". Nimemsikia mmoja wao akiuliza kwa upole kama hicho kidogo kitatosha. Kwa kawaida hakitoshi kurudia kazi. Baiopsi ya taya la mtoto huweza kuwa ndogo kuliko punje ya haragwe, na baada ya utambuzi wa ugonjwa, kinachobaki ndani ya nta ni slaidi chache tu za utafiti. Dawa ikishaanza, uvimbe wa Burkitt huyeyuka haraka, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayemkata tena mtoto huyo ili mtafiti ajaribu kingamwili ya pili. Mtu anayezitumia slaidi hizo kujaribia kingamwili asiyoijua amevunja ahadi aliyompa mzazi, hata kama kamati ilimpa kibali.

Ninachopendekeza hakihitaji jengo jipya. Utafiti wa binadamu nchini Kenya hauanzi bila idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, yaani tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Kamati zetu za Kisumu, Maseno, Kakamega na Eldoret hudadisi sana jinsi majina ya wagonjwa yatakavyofichwa, na ni sawa kufanya hivyo, lakini sijaona zikidadisi kwa makini kama kifaa kikuu cha utafiti kinafanya kazi. Kila mwombaji anayetaka kutumia kingamwili kwenye sampuli adimu atakiwe kutaja jina la ukoo wa kingamwili hiyo (mathalani 9E10 au Y69), nambari ya katalogi, bechi, na kitambulisho cha kimataifa cha RRID kinachoanza na herufi AB. Aeleze inashika wapi kwenye protini. Na aambatishe picha ya slaidi aliyoifanya mwenyewe, hapahapa, kwa tonsili na kwa seli zenye MYC nyingi, kabla ya kuruhusiwa kugusa nta ya mtoto. Seli za Raji, zilizotokana na uvimbe wa Burkitt wa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, hukuzwa kirahisi katika maabara, na zinaweza kugandishwa ndani ya nta ili kila bloku moja ya nta itoe slaidi nyingi za kulinganishia. Chuo kikuu kimoja kikizitengeneza, vingine vitazipokea kwa gharama ya bahasha.

Mtu asitujibu kwamba hatuna fedha za kuthibitisha. Ripoti za YCharOS husomwa bure na yeyote mwenye simu, nayo hatua ya kwanza ni kutazama kama kingamwili unayoitaka imekwisha kupimwa na ikafeli. Benki ya seli za kingamwili ya Chuo Kikuu cha Iowa, isiyofanya kazi kwa faida, husambaza 9E10 na nyingine nyingi kwa bei ya chini kuliko ya makampuni. Na kuigawa chupa katika vijitone vya matumizi ya mara moja siku inapofika, badala ya kuifungua na kuigandisha upya kila wiki, hakumgharimu mtu chochote isipokuwa mirija ya plastiki na asubuhi moja.

Msomaji mwenzangu aliuliza pia nani atazisimamia fedha hizi. Kwa upande wa kingamwili, jibu langu ni kwamba kamati za maadili zinao uwezo huo sasa hivi. Fomu zao za maombi tayari zina sehemu inayouliza sampuli zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Chini ya sehemu hiyo pana nafasi ya mistari mitatu au minne, na wajumbe wanaweza kuijaza kwa swali hili katika kikao chao kijacho, bila kusubiri sheria kutoka Nairobi wala mfadhili kutoka ng'ambo.

Wako,
Mtaalamu wa maabara ya patholojia,
Kisumu.